Niko Sawa, Kochi

Ringi ya kwanza ya timu yetu ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma pale Sofia, na mpira haukuwa unapita ndani yake. Nilikuwa nimemwachia mpira mmoja nikamwambia, "Fundi, nitengenezee ringi ya huu." Yeye, mtu wa kazi, akauzungushia utepe wa kupimia, akapinda chuma kulingana na mpira, akachomelea. Niliporudi jioni nikauweka mpira juu ya ringi. Ukakaa pale kama yai kwenye kikombe.

"Fundi, hauingii."

Akaukandamiza kwa viganja viwili mpaka ukachomoka upande wa pili. "Si umeingia?"

Kosa lilikuwa langu. Ringi halali ina upana wa sentimita 45, na huwekwa mita 3.05 kutoka ardhini, na mimi sikuwa nimemwambia hata moja kati ya hayo. Akatengeneza nyingine bila kuongeza shilingi. Ile ya kwanza hakuitupa. Siku hizi inashikilia sufuria ya mama mmoja anayeuza supu karibu na steji.

Nimezaliwa Voi, Mwakingali. Kama hujawahi kushuka hapa, pengine unatujua kwa dirisha la basi: mahali malori yanapumzika kati ya Nairobi na Mombasa, mahali unaponunua maji baridi halafu unaendelea na safari yako. Wengine hushuka kwenye stesheni ya SGR, wakapanda gari la watalii, wakaenda Tsavo kuona ndovu wekundu. Wale ndovu si wekundu. Ni wa kijivu kama ndovu wote, ni vile wanajirushia mchanga wetu. Mpira wa basketi pia, ukinunua mpya Jumatatu, Ijumaa unafanana na ndovu.

Basketi niliijulia shule ya upili, bweni la wasichana huko juu milimani, kwenye baridi. Kwenye michezo ya shule, muhula wa kwanza ndio wa basketi, pamoja na magongo na mpira wa mikono. Sikuwa mrefu. Mwalimu wa michezo alinichagua kwa sababu nilikuwa na mdomo. Alinisikia nikigombana na msichana wa Kidato cha Nne kwenye foleni ya chakula, akasema huyu ndiye atakayechezesha timu, kwa sababu mchezeshaji lazima apige kelele. Hivyo ndivyo nilivyopata namba yangu.

Chuo kikuu nilienda jijini, 2019. Nikaingia timu, nikakaa benchi, halafu korona ikaja ikatuweka benchi sote. Tuliporudi mwanzo wa 2021, kitu kilichotufufua kilikuwa kwenye simu. Februari, Yaoundé, timu ya taifa ya wanaume, Morans, dhidi ya Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11. Kenya haikuwa imecheza AfroBasket tangu 1993. Sekunde za mwisho kabisa, Tyler Ongwae anarusha, inaingia, 74 kwa 73. Kwenye hosteli tuliitazama ile video mpaka data ikaisha. Kocha wao alikuwa mwanamke, Liz Mills, na hilo pia tulilitazama vizuri. Mimi nilikuwa na miaka 20 na niliamini kwamba kitu kinachokutenganisha na ushindi ni kukubali kuumia kidogo zaidi ya mwenzako.

Mwaka uliofuata goti langu la kushoto lilianza kujaa maji. Si sana. Nilikuwa nalifunga bandeji, navaa suruali ndefu juu yake wakati wa kupasha misuli. Siku ya mechi moja ya ugenini, kocha alinijia na karatasi yake.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, kochi."

Robo ya tatu nilipokonya mpira, nikakanyaga mguu wa kushoto ili nigeuke, na goti halikugeuka na mimi. Nilisikia mlio. Watu husema ni kama kijiti kikavu kinavunjika. Mimi nilisikia kama mtu amekata muwa. Ni ile kano ya ndani inayoshika mfupa wa paja na wa muundi, ile madaktari huiita ACL, na wanawake wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka huikata mara nyingi kuliko wanaume. Hilo nililijua baadaye, kitandani, kwenye simu ileile.

Sikufanyiwa upasuaji. Bei tuliyotajiwa ingekula shamba la babu na bado tungedaiwa. Nilifanya mazoezi ya kunyoosha misuli miezi tisa, nikajifunza kushuka ngazi bila kuishika mbao ya pembeni, na mpira wangu wa ushindani ukaishia hapo. Kwa muda mrefu nilimkasirikia yule kocha, halafu nikashindwa kuendelea kumkasirikia, kwa sababu kweli aliniuliza. Nani alidanganya? Mimi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho nimekikumbuka kila mara. Alipokuwa ananiuliza, jina langu lilikuwa tayari limeandikwa kwenye karatasi.

*

Nilimaliza chuo, nikarudi nyumbani na digrii kwenye bahasha, nikaanza kutarmac kama kila mtu. Voi kutarmac ni haraka. Barabara yenyewe ni moja. Jioni nilikuwa napita kando ya shule moja ya msingi naona watoto wanatupa mpira wa miguu kwenye pete ya netiboli. Siku moja nikaingia. Wiki iliyofuata nikaja na mpira wangu wa zamani. Mwalimu mkuu alituruhusu kutumia uwanja wa saruji mradi tuufagie. Tulianza na watoto sita. Kufikia likizo ya Aprili walikuwa 23, mipira miwili, na raba ambazo zilikuwa zinabadilishana miguu kulingana na nani yuko uwanjani.

Tunaanza saa kumi na nusu, jua likiwa limepunguza hasira, na lazima tumalize kabla ya giza. Kuna wanaotoka pembezoni mwa mji, na huko ukichelewa unaweza kukutana na wale wekundu njiani. Hii si hadithi ya watalii. Sagalla chini wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki ili ndovu wasiingie. Mtoto akiniambia "Kochi, wacha niende, nimeambiwa leo wameonekana," siwezi kumwambia amalize raundi zake.

Niliwafundisha kudunda kwa mkono wa kushoto. Niliwafundisha kwamba pasi ni zawadi, siyo adhabu. Niliwaambia kuhusu Hasheem Thabeet, mvulana wa Dar es Salaam aliyeanza basketi akiwa na miaka 15 na mwaka wa 2009 akachaguliwa wa pili katika mchujo mzima wa NBA. Msichana mmoja akainua mkono: "Na wasichana je?" Nikamwambia ashuke barabara hii hii, kilomita kama 150, atawapata wanawake wa KPA, timu ya bandari, ambao wamekuwa mabingwa wa Kenya zaidi ya mara moja. Akatikisa kichwa kama mtu anayehifadhi namba ya simu.

Huyo msichana nitamwita Saba, kwa sababu ndiyo jezi yake. Gredi ya Nane, miaka 13, anaishi na nyanya yake anayeuza ndizi sokoni. Nimecheza na wachezaji wa chuo waliokuwa hawaoni uwanja vile Saba anauona. Unampa mpira, anatazama kushoto, pasi inaenda kulia, na aliyeipokea mwenyewe anashangaa. Na alikuwa mgumu. Akianguka anasimama kabla hujauliza. Nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa nawaambia wenzake, "Mnaona Saba? Mnaona analia?"

Hayo ni maneno yangu. Nimeyaandika hapa ili nisiyasahau.

*

Agosti tuliandaa mashindano ya siku moja, timu nne, chini ya miaka 15: sisi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Wazazi walichanga maji na mkate. Fundi wetu alikuja na kiti chake, akakaa chini ya ringi yake kama mwenye nyumba.

Mechi ya kwanza tulicheza na Wundanyi. Watoto wa milimani, wana mapafu, lakini hawajazoea joto letu. Saa tano asubuhi saruji ilikuwa inapika na wao walikuwa wanatafuta kivuli kwa macho. Tulishinda. Dakika za mwisho Saba aliruka kuchukua mpira, akatua juu ya kiatu cha mwenzake, kifundo kikapinda. Akasimama kabla sijauliza.

Fainali ilikuwa na Taveta. Hao walikuwa wamepanda matatu alfajiri, kilomita kama 110, na hawakuwa wametoka mbali hivyo kuja kupiga picha. Mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Nilikuwa nimempumzisha Saba robo ya pili. Nikachukua karatasi, nikaandika watano wa kuanza robo ya tatu, halafu nikamwendea.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, kochi."

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Ule mwingine ulikuwa unagusa chini kwa ncha ya kidole tu. Niliona. Nataka niliseme hili vizuri, kwa sababu nimejaribu kulisema kwa njia nyingine na si kweli: sikukosa kuona. Niliona, nikaangalia ubao wa pointi, nikamwangalia tena, nikasema, "Sawa, ingia."

Tulishinda kwa pointi moja. Kikapu cha mwisho kilikuwa chake, kwa mguu mmoja, karibu aanguke. Uwanja mzima ulipasuka. Watu walimbeba. Mimi pia nilikuwa napiga kelele, na kwa dakika kama tano nilikuwa tena na miaka 20 kwenye hosteli, Ongwae amerusha, imeingia.

Halafu walipomshusha hakuweza kuvaa kiatu. Kifundo kilikuwa kimevimba kama papai.

Picha ya eksirei ilionyesha ufa. Daktari alinieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza. Mtoto wa umri ule mfupa bado unakua, na pale mwishoni unapokulia ni laini, ni dhaifu kuliko hata kano zinazoushika. Kwa hivyo kitu ambacho kwa mtu mzima kingekuwa ni kuteguka tu, kwa mtoto kinaweza kuwa ni mfupa wenyewe. Akaniuliza kama alicheza baada ya kuumia. Nikasema ndiyo. Hakusema kitu, akaandika.

Alifungwa plasta. Akiwa pale kitandani aliniambia, "Kochi, lakini tulishinda."

*

Nyanya yake alikuja uwanjani Jumatatu. Nilimwona tangu langoni, na beseni la ndizi kichwani, na nikatamani ardhi ya Voi, yenye mashimo ya ngiri kila mahali, ipasuke moja karibu yangu. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri. Akashusha beseni, akakaa kwenye tofali.

"Mwanangu, huyu mtoto alikuambia anaumwa?"

"Hapana, nyanya. Nilimuuliza. Alisema yuko sawa."

"Na wewe ulimwona?"

Watoto walikuwa wanadunda mpira nyuma yangu. Nilitamani waendelee, wasinyamaze.

"Nilimwona, nyanya."

Akatikisa kichwa pole pole. Hakupandisha sauti hata mara moja. "Huyo hata nyumbani yuko hivyo. Chakula kikiwa kidogo nikimuuliza ameshiba, ameshiba. Mwalimu akimtuma karo nikimuuliza, hajatumwa. Ametuona sisi. Hata mimi jirani akiniuliza nitasema niko sawa, kwani nitasema nini? Lakini wewe si jirani."

Alichukua ndizi sita, akaziweka juu ya tofali.

"Akipona atarudi, anaupenda huu mchezo wenu. Lakini safari hii usimuulize. Mwangalie."

Akajitwisha beseni, akaenda sokoni.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria jambo ambalo nilikuwa nimewafundisha wale watoto siku ya kwanza kabisa, bila kulisikia mwenyewe. Huu mchezo ulibuniwa na mwalimu mmoja, James Naismith, mwaka wa 1891, kule Springfield, Massachusetts. Alikuwa na darasa la vijana wakorofi, msimu wa baridi, wamefungiwa ndani ya jumba. Alitaka mchezo ambao hautawaumiza. Akawaza: kinachoumiza watu ni kukimbia na mpira mkononi, kwa sababu lazima mtu akuangushe. Basi akasema hakuna kukimbia nao. Akapigilia vikapu viwili vya matunda kwenye roshani, na kwa kuwa roshani ilikuwa na kimo cha mita 3.05, mpaka leo ringi zote duniani ziko hapo. Fundi wa Sofia pia yuko hapo. Mchezo mzima, tangu sheria ya kwanza, ulianza na mtu aliyekuwa anaogopa watoto wasiumie. Na sisi tumeuchukua tukaufanya mahali pa kuonyesha nani anaweza kuumia akanyamaza.

*

Nikawaita wote, nikakunja suruali, nikawaonyesha goti langu. Hawakuwa wanajua. Walidhani vile ninavyotembea ni maringo tu ya watu wa Nairobi. Nikawaambia nilichomwambia kocha wangu na nilichoambiwa na Saba, na kwamba ni maneno yaleyale. Mvulana mmoja akauliza kama goti linaweza kutoka kabisa. Nikamwambia halitoki. Alionekana kusikitika kidogo.

Kisha tukaweka utaratibu. Kabla ya mechi, na wakati wa mapumziko, kila mtoto anaruka mara kumi kwa mguu wa kulia, mara kumi kwa wa kushoto, anachuchumaa, anasimama. Mbele ya wenzake. Mimi siulizi chochote. Natazama. Na karatasi yangu inabaki tupu mpaka wamalize kuruka. Siandiki jina la mtu kwanza halafu nikamwendea.

Saba alirudi Oktoba, mguu mmoja mwembamba kuliko mwenzake. Siku ya kwanza aliingia kwenye mstari. Wa kulia, kumi. Wa kushoto, akaruka tatu, nne, akasimama. Nilikaa kimya. Kimya kilikuwa kirefu, mpaka watoto wengine wakaanza kutazamana.

"Kochi," akasema, "wa kushoto bado."

Nikampa kalamu na daftari la pointi. Alikaa kwenye tofali la nyanya yake, akahesabu mechi nzima, na akawaibia wapinzani pointi mbili. Nilimwona. Hiyo niliiacha.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Novemba tulicheza mechi ya kirafiki, na nilijua mwalimu wa shule moja iliyo na timu kubwa alikuwa anakuja kutazama. Sote tunajua maana yake. Mtoto anayejua mpira anaweza kupata nafasi, karo ikapunguzwa, pengine ikafutwa. Mvulana wangu bora, Gredi ya Tisa, aliruka kwa mguu wa kulia na nikaona anatua akiulinda. Maumivu ya goti, si mapya. Aliniangalia. Hakusema yuko sawa, alijua haitasaidia. Alisema, "Kochi, tafadhali. Leo tu."

Sikuandika jina lake. Mwalimu yule alitazama, akachukua namba za watoto wawili wa timu nyingine, akaondoka.

Baba yake ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa amekuja na lori lenyewe, limeegeshwa kando ya uwanja. Alinisubiri watu wapungue. Hakuwa na matusi. Aliniuliza, "Madam, wewe mpira ulikusomesha?" Nikasema kwa kiasi fulani, ndiyo. "Na ungekaa benchi siku kama ile ya leo, ungesoma?" Nikasema sijui. "Mimi pia sijui," akasema. "Lakini wewe umeamua."

Sina jibu la hilo mpaka leo. Nyanya wa Saba aliniambia niangalie, na nimeangalia, na nilichoona ni goti la mtoto wa miaka 15. Sikuona karo. Baba yake aliiona karo. Wote wawili tulikuwa tunamtazama mtoto yuleyule.

Mvulana hakuja wiki mbili. Ya tatu nilimwona amesimama nje ya ua, ameshika waya, anatazama. Nikajifanya sijamwona. Watoto walikuwa kwenye mstari, wanaruka, vumbi jekundu limepanda mpaka magotini. Alipoingia alijipanga mwisho wa mstari bila kusema kitu. Kulia, kumi. Kushoto, kumi. Akachuchumaa, akasimama, akaniangalia kama anayenidai.

Nikatoa kalamu nyuma ya sikio, nikaandika jina lake.